Mtoto Asiyeitika Anapoitwa, Anaangalia Nini?

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi ya dayosisi na wanakamati wa usharika na mitaa, Mgwashi. Yamefupishwa kidogo ili yaenee katika kurasa za jarida.)



Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Mvua ilinyesha usiku, na kona mbili tulizipita kwa kusukuma gari. Mmetusubiri, tena mmetupa chai na mahindi ya kuchemsha kabla ya kutuuliza lolote. Tunashukuru.

Leo hatukuja na mradi mpya. Tumekuja kwanza kusahihisha kosa letu sisi wenyewe, na baadaye kuzungumza nanyi habari ya fungu moja katika bajeti mliyotuletea.

Mtakumbuka kwamba tulipokuja kuandikisha watoto wenye ulemavu tulipita nyumba kwa nyumba na daftari. Daftari lile lilikuwa na safu za viungo, macho, masikio na akili. Katika nyumba moja tulimkuta mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi kadhaa, ameketi karibu na mlango wa jiko, anazungusha mfuniko wa sufuria. Mama yake alimwita kwa jina mara tatu. Hakugeuka. Sisi tukamwita, hakugeuka. Mmoja wetu akaenda kusimama mbele yake, naye akainamisha kichwa pembeni ili aendelee kuuona mfuniko. Tukaandika: kiziwi. Tukanywa maji, tukaaga, tukaenda nyumba ya pili.

Jumapili iliyofuata tulikuwa ibadani hapa hapa. Mtoto yule alikuwa benchi la nyuma na bibi yake. Kwaya ya vijana iliposimama na kuanza kupiga makofi, yeye aligeuka kabla ya watoto wengine wote. Akakazia macho mikono ya waimbaji. Nyuso zao hakuziangalia, mikono tu, wimbo mzima. Baada ya ibada tulimwendea bibi kwa aibu, tukamwambia tumeandika kwamba mjukuu wake hasikii. Alicheka kidogo, akasema: "Huyu anasikia. Ukifungua mfuko wa biskuti chumba cha pili, anakuja. Jina lake ndilo hasikii."

Ndugu zangu, tumesoma vyuo na tumekaa semina nyingi, lakini maneno ya bibi yule yalitueleza usonji kuliko vitabu tulivyokuwa navyo ofisini. Tangu siku ile tulianza kusoma upya, tukauliza walimu wa watoto hao, tukakaa na akina mama. Haya tunayowaambia leo ndiyo tuliyoyapata.

Usonji, ambao wengine huuita otizimu, ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, pengine kabla mtoto hajazaliwa. Daktari Leo Kanner aliuandika kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka 1943 huko Marekani, akieleza habari za watoto 11. Tangu hapo maelezo yamebadilika mara nyingi, nasi hatutawachosha nayo. Jambo moja tu tunaomba mlishike leo: mtoto mdogo mwenye usonji hakosi usikivu. Tumezoea kusema "hana akili ya kutulia", "hazingatii". Mtazameni akiwa na mfuniko wake. Nani katika sisi anaweza kukaza macho juu ya kitu kimoja kwa nusu saa? Usikivu anao tele. Tofauti ni mahali unapokwenda, na ugumu wa kuushirikisha kwa mtu mwingine.

Tuchukue mtoto wa rika lake, binamu yake wa nyumba ya jirani. Jogoo anaruka juu ya ukuta na kuwika. Binamu anamwangalia jogoo, halafu anageuka kumwangalia mama, halafu anarudi kwa jogoo, na kidole kimenyooka. Haombi apewe jogoo. Anasema kwa macho, "Mama, umemwona?" Mama anajibu, "Eeh, jogoo huyo!" Na hapo mtoto amejifunza neno jogoo, amejifunza kwamba mama naye ameona, na amejifunza kwamba furaha ikishirikiwa inaongezeka. Akina mama mnajua chungu hakikai kwenye figa moja. Hapa mafiga ni matatu: mtoto, mtu mwingine, na kitu wanachokiangalia pamoja. Maneno ya mtoto hupikwa juu ya mafiga hayo.

Kwa watoto wengi mafiga hayo hupangika bila mtu kufundisha. Karibu na miezi tisa mtoto huanza kufuata macho ya mama: mama akitazama mlangoni, naye anatazama mlangoni. Karibu na mwaka mmoja anageuka akiitwa jina na anaanza kunyoosha kidole. Ifikapo mwaka na nusu anakuletea jiwe, jani, hata mdudu, ili uone tu.

Mtoto mwenye usonji anaweza kumwona jogoo vizuri kabisa, pengine akaona ukucha wake ambao sisi hatukuuona. Kinachokosekana mara nyingi ni ule mgeuko wa kumtafuta mama. Akitaka ndizi anaweza kukushika mkono na kuupeleka kwenye ndizi, kama mtu anavyoshika mwiko, bila kukutazama usoni. Kuomba anaomba, ila kuonyesha ni kwa nadra. Tofauti hii ya kuomba na kuonyesha ni ndogo kwa macho, lakini wataalamu wengi wanaiona kuwa miongoni mwa dalili za mapema zenye uzito.

Hapa tutoe angalizo moja, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vitabu hivyo husema tuangalie kama mtoto anatazama watu machoni. Kwetu mtoto mwenye adabu hamkazii mzee macho. Anaamkia huku ameinama. Tukitumia kipimo hicho kwa mgeni aliyeingia leo, tutasema nusu ya watoto wa Mgwashi wana usonji. Basi msiangalie anavyomtazama mchungaji au mratibu. Angalieni anavyomtazama mama yake, dada yake na bibi yake, nyumbani, wakati wa mchezo, na zaidi sana wakati kuna kitu kizuri cha kushangilia. Mtoto mwenye haya humwogopa mgeni, lakini humtafuta mama yake kwa macho. Hapo ndipo penye tofauti.

Sasa tuwaeleze kidogo walivyochunguza watafiti, maana siku ile ya makofi ilitushangaza, kumbe wenzetu walikuwa wameshaiona.

Mwaka 2009 huko Marekani Ami Klin na wenzake waliwaonyesha watoto wa karibu miaka miwili picha za ajabu. Hazikuwa na sura wala nguo. Zilikuwa vitone vya mwanga tu vinavyokwenda kama viungo vya mtu anayecheza. Upande mmoja mtu yule wa vitone alikuwa amesimama wima, upande wa pili alikuwa kichwa chini miguu juu, na mwendo wake umerudishwa nyuma. Sauti ya mchezo ilisikika kwa wote. Watoto wasio na usonji walipendelea kuangalia yule aliyesimama wima, maana ubongo wao ulimtambua mtu hata katika vitone. Watoto wenye usonji hawakuonyesha kuchagua; waliangalia huku na huku. Isipokuwa pale palipokuwa na mchezo wa kupiga makofi. Mtoto mmoja wa kike mwenye usonji alikaza macho kwa yule mwenye kupiga makofi, na watafiti wakabaki wanajiuliza kwa nini. Walipochunguza waligundua kwamba katika makofi vitone viwili hugongana sawasawa na sauti inapotoka. Kinachoonekana na kinachosikika vinakutana. Wakapima watoto wengine wakaona ndivyo ilivyo: macho yao yalikwenda pale sauti na mwendo vinapolingana, hata kama hakuna habari ya mtu pale.

Tuliposoma hayo tulimkumbuka mjukuu wa benchi la nyuma. Mikono ya kwaya.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011 na Karen Pierce wa San Diego ulikuwa na watoto 110 wa kati ya miezi 14 na 42, na 37 kati yao walikuwa na usonji. Waliwekewa filamu ya dakika moja. Upande mmoja watoto wanaruka na kucheza, upande mwingine maumbo na mistari ya rangi inayojikunja na kujikunjua. Wasio na usonji karibu wote waliangalia watoto wenzao. Kwa wenye usonji, kama wanne katika kila kumi walipendelea maumbo. Tunaomba muizingatie hesabu hiyo. Sita katika kumi hawakupendelea maumbo. Kwa hiyo mtu asije akaweka magurudumu yanayozunguka mbele ya mtoto na kutangaza, "Huyu anayo, huyu hana." Watoto hawa hawafanani wao kwa wao, kama vile watoto wengine wasivyofanana.

Kuna na jambo la kunasa. Huko Kanada mwaka 2004 Landry na Bryson waliwaonyesha watoto picha moja katikati, kisha wakaongeza nyingine pembeni. Picha ya kwanza ikiondolewa, watoto wenye usonji waliigeukia ya pili bila shida kubwa. Lakini ile ya kwanza ikiachwa pale pale, walichelewa sana kuiacha. Mara nyingine hawakuiacha kabisa. Mama akimwita mtoto aliyenasa hivyo, mtoto hamdharau. Ni kama mtu mwenye mzigo kichwani anayeitwa nyuma. Hawezi kugeuka upesi mpaka autue. Tunasema haya kwa sababu tumeona mahali watoto wa miaka miwili wakichapwa kwa kosa la kutoitika. Tusiwataje, tuwafundishe.

Tunakuja kwenye neno zito zaidi. Mama wa mtoto yule, tulipokaa naye siku nyingine, alituambia swali la kwanza aliloulizwa na ndugu wa mume lilikuwa: ulikula nini ukiwa mjamzito, na ulimkosea nani? Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema mama anamwacha sana mtoto akienda shamba. Alipofika hapa katika maelezo yake alinyamaza, akawa anakunja na kukunjua kona ya khanga.

Tusidhani lawama hizi ni za milimani kwetu tu. Huko Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wenye vyeo walifundisha kwamba usonji unatokana na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mtoto. Akina mama wengi walibeba mzigo huo mpaka wazazi na watafiti wenyewe walipoukataa. Bernard Rimland, ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu cha kuupinga mwaka 1964. Leo hakuna mtaalamu wa kweli anayeyasema hayo. Tena mwaka 2013 Warren Jones na Ami Klin walionyesha kwamba watoto wachanga ambao baadaye walikutwa na usonji walianza vizuri kuangalia macho ya mtu, kisha kati ya miezi miwili na sita kuangalia huko kukapungua polepole. Mtoto wa miezi miwili bado yumo mgongoni mwa mama mchana kutwa. Kwa hiyo mama huyo hakumtupa. Ni ubongo wa mtoto ulioanza kushika njia nyingine, na hakuna aliyeona.

Kuhusu sababu, urithi wa mwili una nafasi kubwa, wa upande wa baba na wa mama pia, kwa hiyo ndugu wa mume wasikimbie haraka. Aidha, mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa hapa Tanzania, na kwa baadhi yao hali ilianza mara baada ya malaria kali. Ni watoto wachache, na taarifa moja haitoshi kujenga hukumu, lakini nasi ambao watoto wetu hushuka kwenda kwa ndugu zao Mombo na Korogwe tuna sababu ya kuhimiza vyandarua.

Na chanjo? Mmeuliza swali hili kila mahali tulipokwenda, kwa hiyo tulijibu mapema. Mtoto huchomwa sindano ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Huo ndio umri uleule ambao kuonyesha kwa kidole kunatarajiwa na kutoonyesha kunaanza kushtua. Mambo mawili yakikutana siku moja, watu husema moja limezaa jingine. Daktari mmoja wa Uingereza aliandika hivyo mwaka 1998, na jarida lililochapisha maandishi yake liliyafuta mwaka 2010 baada ya kuonekana si ya kuaminika. Tafiti nyingi kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Surua inaua watoto. Mama asikose siku ya chanjo kwa sababu ya usonji.

Tena siku hizo mbili za chanjo ndizo nafasi yetu. Karibu kila mama wa Mgwashi anafika kliniki na kadi yake. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, analia, anarudi nyumbani. Hakuna anayeuliza: je, anageuka ukimwita? Anakuonyesha vitu kwa kidole, au anaomba tu? Ukiangalia kitu mbali, naye anakitazama? Anacheza kwa kuigiza, kama kupika ugali wa udongo? Ipo orodha ya maswali 20 ya ndiyo na hapana iliyotengenezwa kwa ajili ya wazazi wa watoto wa miezi 16 hadi 30, inayotumika nchi nyingi, na maswali haya yamo. Majibu mabaya hayasemi mtoto ana usonji. Yanasema aangaliwe tena. Na wa kwanza kuangaliwa ni masikio, maana usaha wa sikio nao huzuia mtoto kuitika, na huo unatibika. Hospitali ya Bumbuli si mbali kama Lushoto. Kosa letu la daftari lisirudiwe kwa upande wa pili, tukaandika usonji kwa mtoto asiyesikia.

Mtauliza, tukishajua, tufanye nini? Swali zuri, maana kumjulisha mama jambo zito na kumwacha njiani ni afadhali usingemwambia.

Milima yetu haikuanza jana. Lutindi ilijengwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Irente ina shule ya wasioona, na tangu mwaka 2005 ina Shule ya Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwaka 2007 chuo kikuu cha dayosisi kilianza Magamba kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini shule ni ya mtoto aliyefika umri wa shule. Kati ya kadi ya kliniki na mlango wa shule kuna miaka minne au mitano, na katika miaka hiyo ndipo maneno hupikwa. Miaka hiyo mtoto yuko kwa mama na bibi.

Walimu wa watoto hawa wametufundisha mambo ambayo hayahitaji fedha. La kwanza, usimgeuze kichwa kwa nguvu akutazame. Nenda wewe alipo. Kaa chini mbele yake, usawa wa macho yake, karibu na mfuniko. Yeye akizungusha, nawe chukua mfuniko wako uzungushe. Sema neno moja, "zunguka", halafu nyamaza. Subiri. Siku moja atainua macho kuona nani anazungusha mwingine. Macho hayo ya nukta moja ndiyo figa la tatu. Pili, taja kile anachokiangalia yeye, usitaje kile unachotaka aangalie. Tatu, tumia makofi, nyimbo za vidole, kuhesabu ngazi kwa kugonga, vitu ambavyo sauti na mwendo vinakwenda pamoja. Nne, ukitaka aache kitu, kiondoe polepole au kifunike kwanza, ndipo umwite.

Tusiwadanganye kwamba haya huponya. Usonji si homa. Kati ya majaribio tunayoyajua vizuri kwa mazingira yanayofanana na yetu kuna moja la Goa huko India na Rawalpindi huko Pakistani, lililochapishwa mwaka 2016. Watoto walikuwa 65. Waliowafundisha wazazi hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa kawaida wa jamii, kwa vikao 12. Wazazi walijifunza kumfuata mtoto badala ya kumvuta, na watoto wakaongeza kuanzisha mawasiliano wenyewe. Hata hivyo muda ambao mzazi na mtoto waliangalia kitu kimoja pamoja haukuongezeka, bali ulipungua. Tuliposoma hapo tulirudia ukurasa mara mbili. Tumeona tuwaambie wafadhili hili waziwazi, kwa sababu ripoti zetu zimezoea kuandika mafanikio katika kila mstari. Lipo lililosogea na lipo ambalo halikusogea.

Sasa bajeti. Katika rasimu yenu fungu lote la watoto wenye ulemavu mmeliweka kwenye chumba kimoja cha matofali kando ya kanisa, chenye bati, madirisha na kibao cha jina la mfadhili. Tunaelewa. Chumba kinaonekana, na mgeni akija anapigwa picha mbele yake. Lakini mama wa mtoto wa miaka miwili hatapanda kilima na mtoto asiyetaka kubebwa, kupita njiani panapopigwa kelele, ili akae chumbani na watu asiowajua. Na mtoto aliyejifunza "zunguka" katika chumba kile anaweza asilijue neno hilo jikoni kwao.

Ombi letu ni kwamba fungu hilo ligawanywe. Sehemu moja iwafundishe akina mama wawili kutoka kila mtaa, wenye subira, waliokwisha kulea, kutembelea nyumba hizi kila juma kwa saa moja. Sehemu iwe nauli ya kwenda Bumbuli kupimwa masikio na kifafa, na ya kwenda Lushoto mtoto akifika umri wa shule. Tumezungumza pia na wahudumu wa kliniki kuhusu kuuliza yale maswali machache siku ya miezi 18; wao wako tayari, wanachohitaji ni karatasi iliyochapwa kwa Kiswahili chepesi na mtu wa kuwasaidia mizani foleni ikiwa ndefu. Chumba kingoje. Mfadhili anayesoma hapa na ambaye jina lake lingekuwa kwenye kibao, tunamwomba atuvumilie.

Mzee mmoja ameuliza wakati wa chai kama mtoto huyu ataweza kusoma, kuoa, kulima shamba lake. Hatuwezi kumjibu. Wapo wanaosema sana wakiwa wakubwa, wapo wasiosema neno maisha yao yote, na akiwa na miaka miwili si rahisi kutambua atakuwa yupi. Tunachojua ni kwamba binamu yake hatahitaji mtu wa kumpangia mafiga, yeye atahitaji.

Kabla ya kuja leo tulipita tena nyumbani kwao. Daftarini tumefuta neno kiziwi na kuandika "usonji, athibitishwe", na tumeomba radhi kwa mama na kwa bibi. Mama alikuwa na mfuniko wake wa pili. Anasema mtoto amemtazama mara mbili juma hili. Mara ya kwanza alidhani amekosea, mara ya pili bibi naye aliona.

Tukamwuliza anahitaji nini kwetu, tukitegemea aseme nauli. Alisema huu ni mwezi wa tano hajasikia mahubiri mpaka mwisho. Mtoto akianza kupiga kelele watu hugeuka, naye hutoka nje akasimama chini ya mti mpaka ibada iishe. Anaomba mtu wa kukaa na mtoto Jumapili, zamu kwa zamu, karibu na kwaya ambako anaona mikono. Tumeliandika hilo la kwanza katika orodha, kabla ya nauli na karatasi za kliniki, na tunaomba kabla hatujafunga kwa sala wanakamati watupe majina manne ya kuanzia Jumapili hii.